Korongo wa Mwaloni

Tangu mke wangu ahudhurie semina ya malezi, fimbo ya nyumbani kwetu imestaafu. Semina yenyewe ilihusu ile programu ya taifa iliyozinduliwa mwaka 2021 kwa ajili ya watoto wa miaka 0 hadi 8, PJT-MMMAM. (Kukitamka hicho kifupisho kumenishinda hadi leo. Mtoto anakitamka.)

Alirudi na maelekezo. Mtoto akilia, chuchumaa macho yenu yakutane. Itaje hisia yake, maana akishajua jina la kinachomsumbua hupoa upesi. Kisha weka mpaka: kukasirika ruksa, kupiga watu hapana. Akaongeza kwamba Salovey na Mayer, wasomi wa Marekani, waliandika tangu mwaka 1990 kuwa kuzitambua hisia, zako na za mwenzako, nako ni akili. Mimi wa kizazi cha "nyamaza kabla sijakupa cha kukuliza" nikaitikia tu.

Jumamosi nikaenda Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na kijana wetu wa miaka mitano. Watu husema lile ni soko la dagaa na samaki, lakini wenye soko ni makorongo, yale mandege yenye upara na mfuko shingoni, yanayopita katikati ya watu kama wazee wa mtaa wanaokagua ujenzi.

Nikanunua sato kwa bei ambayo sitaitaja, mke wangu anasoma hapa. Tukiwa tunaondoka, kijana akaona mtumbwi unashusha mzigo, akataka apande. Nikakataa. Akajilaza juu ya magamba ya samaki na kupiga ukelele uliowafanya wabeba mizigo watue magunia.

"Baba, mchape huyo!" akashauri mama wa dagaa.

Nikaweka mfuko chini, nikachuchumaa.

"Mwanangu, naona umekasirika."

"Huyu anamwonya au anamposa?" akauliza mbeba mizigo mmoja. Watu wakacheka. Sikujali.

"Umekasirika kwa sababu ulitaka kupanda mtumbwi."

Kilio kikashuka, kikawa kwikwi. Jamani, kumbe ni kweli! Nikainua uso niwatazame wale wapenda fimbo kwa madaha, nikakuta hakuna anayenitazama. Wote wanatazama nyuma yangu.

Korongo alikuwa amesimama juu ya mfuko wangu, shingo ameinua, na mkia wa sato unamalizikia mdomoni.

Nikavua ndala, nikamrushia. Ikampita pembeni, ikatua ndani ya ndoo ya uji ya mama lishe. Matusi niliyoyatoa hapo nilijifunza utotoni Igoma, na sikujua kama bado ninayo. Korongo wala hakuruka. Alisogea hatua mbili, akasubiri kama kuna sato mwingine.

Nikahisi mkono mdogo unanivuta suruali.

"Baba, chuchumaa kwanza."

Nikachuchumaa. Ningefanyaje, soko zima linasikiliza.

"Naona umekasirika," akasema, machozi yake hata hayajakauka.

"Ndiyo."

"Umekasirika kwa sababu ndege kala samaki wetu. Kukasirika ruksa. Kurusha ndala hapana."

Mwaloni ikalipuka kwa vicheko na vigelegele. Mama wa dagaa, yuleyule wa "mchape", akampa kijana andazi. Mama lishe yeye hakucheka. Alikuja taratibu, mwiko mkononi, akachuchumaa mbele yangu mpaka macho yetu yakakutana.

"Baba," akasema, "na mimi nimekasirika. Nitajie ni kwa nini."

Nililipa ndoo nzima.