Sarafu au noti: dola moja ya Marekani na hesabu zilizogeuka

Kwa zaidi ya miaka 50 Marekani imekuwa ikijaribu kuwazoesha watu wake sarafu ya dola moja, na kila mara imegonga mwamba. Mwaka 1971 ilitoka sarafu yenye sura ya Rais Eisenhower, pana kwa milimita 38, nzito, haikai mfukoni bila kuonekana. Mwaka 1979 ikaja ya Susan B. Anthony, mwanaharakati wa haki ya wanawake kupiga kura. Hiyo nayo ikawa ndogo kupita kiasi: milimita 26.5, rangi ileile ya kifedha na kingo zenye mistari kama sarafu ya robo dola, ambayo ina milimita 24.3. Mtu alikuwa anatoa dola akidhani ametoa robo, na senti 75 zimeshakwenda. Mwaka 2000 ikafuata ya Sacagawea, mwanamke wa kabila la Shoshone, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, safari hii yenye rangi ya dhahabu na kingo laini. Mwaka 2007 zikaanza kutoka sarafu za marais waliopita, wanne kila mwaka. Kufikia Desemba 2011, Wizara ya Fedha ilisimamisha utengenezaji wa sarafu hizo kwa matumizi ya kawaida, kwa sababu takriban bilioni 1.4 zilikuwa zimerundikana kwenye maghala ya benki kuu bila mtu wa kuzitaka.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba Wamarekani wanapenda noti zao. Siyakubali. Waingereza nao waliipenda noti yao ya pauni moja, na Wakanada waliipenda ya kwao. Uingereza ilileta sarafu ya pauni mwaka 1983 na kuiondoa noti mwaka 1988. Kanada ilileta sarafu yake ya dola mwaka 1987, na miaka miwili baadaye benki kuu ikaacha kutoa noti. Manung'uniko yalikuwepo, kisha watu wakazoea. Marekani ilileta sarafu na kuiacha noti palepale. Hapo keshia hana kitundu cha kuiweka kwenye droo yake, benki haiagizi kwa kuwa wateja hawaiulizi, na wateja hawaiulizi kwa kuwa hawarudishiwi kama chenji. Hakuna utamaduni wa ajabu hapo. Kitu kipya kimewekwa kando ya kile watu walichokizoea, na hakuna aliyelazimika kuchagua.

Wanaotetea sarafu wana hoja nzuri, na zinastahili kusikilizwa. Sarafu hudumu miaka 30 hivi. Haichaniki wala hailoani. Kwenye mashine za kuuzia vinywaji na masanduku ya nauli ya mabasi, noti iliyokunjamana hukataliwa, mtu akainyoosha kwenye paja, akairudisha, ikatemwa tena, huku nyuma foleni inarefuka. Hata hoja ya uzito ina pande mbili. Sarafu ya dola ina gramu 8.1 na noti ina gramu moja, kwa hiyo mhudumu wa hoteli aliyepata tipu za dola 20 kwa sarafu angerudi nyumbani na gramu 162 mfukoni. Lakini asiyekuwa na sarafu ya dola hubeba robo nne, na hizo zina gramu zaidi ya 22.

Hoja kubwa zaidi ilikuwa ya fedha za serikali, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mwaka 2011 Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali, inayojulikana kwa kifupi kama GAO, ilikadiria kwamba kubadili noti kuwa sarafu kungeipa serikali faida ya dola bilioni 5.5 kwa miaka 30. Mwaka 2019 ofisi hiyohiyo ilirudia hesabu na kupata hasara, kati ya dola milioni 611 na bilioni 2.6 kwa kipindi kama hicho. Noti ilikuwa imeanza kuishi zaidi. Mwaka 2011 ilikadiriwa kudumu miaka 3.3, na katika ripoti ya 2019 umri huo ulifika miaka 7.9. Sehemu ya sababu ni mashine mpya za kuhesabia za benki kuu. Zamani noti nzima kabisa iliweza kwenda kusagwa kwa kuwa tu imeingia kwenye mashine ikiwa imegeuzwa upande.

Kuna jambo jingine kwenye hesabu za mwanzo ambalo watetezi wa sarafu hawapendi kulisema kwa sauti. Faida ile haikutoka kwenye kuokoa gharama za uchapaji. Ilitoka kwenye tabia ya watu kutupia sarafu kwenye kopo, kwenye droo na chini ya kiti cha gari, kiasi kwamba kwa kila noti inayoondolewa ingebidi zitolewe sarafu moja na nusu hivi. Sarafu hutengenezwa kwa sehemu ndogo tu ya thamani yake, na tofauti hiyo huingia serikalini. Kwa maneno mengine, faida ya serikali ni hela ya wananchi iliyolala ndani ya makopo. Mimi sioni kwa nini mtu wa kipato cha chini afurahie mpango wa namna hiyo.

Tanzania ilifanya uamuzi wa upande wa pili, na naona ilifanya sawa. Oktoba 2014 Benki Kuu ilileta sarafu ya shilingi 500. Aliyekuwa anapanda daladala miaka ile anaikumbuka ile jero ya karatasi mkononi mwa konda: imelegea kama kitambaa, imeungwa kwa selotepu katikati, namba yake husomi. Ilikuwa inazunguka kati ya abiria, konda, mama ntilie na muuza maji bila kurudi benki, kwa hiyo hakukuwa na mahali pa kuichuja. Noti hiyo ilikufa mapema mno, na sarafu ikawa jibu la kweli. Dola moja ya Marekani haina shida hiyo. Inarudi benki, inapitishwa kwenye mashine, na iliyochoka inaondolewa. Ndiyo maana sikubaliani na anayesema kwamba nchi zote zilizoendelea zina sarafu, basi na Marekani ifuate. Swali la kwanza ni noti hiyo inaishi muda gani na inapita wapi.

Na dola inapita mbali. Goma au Lubumbashi, kodi ya nyumba na bidhaa kubwa hutajwa kwa dola, na chenji ndogo hurudi kwa faranga. Mbadilisha fedha wa barabarani huichukua noti, akaiinua kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye kona zote nne. Mchaniko wa ukubwa wa punje ya mchele unatosha kuikataa. Mtu anaweza kudhani kwamba hapo sarafu ingekuwa mkombozi. Lakini duka la kubadilishia fedha, liwe Dar es Salaam au Nairobi, kwa kawaida halipokei sarafu za kigeni, na kuzisafirisha kwenda Marekani ni gharama isiyolipa. Zimbabwe ililionja hilo. Ilipoanza kutumia dola mwaka 2009, noti zilifika lakini sarafu zilikuwa adimu, na madukani watu wakarudishiwa pipi na kalamu badala ya chenji. Noti za dola moja zilichafuka hadi watu wakazifua na kuzianika. Desemba 2014 nchi ikaamua kutoa sarafu zake yenyewe za senti. Ekwado nayo imetumia dola tangu mwaka 2000, na huko sarafu ya Sacagawea iliyokataliwa kwao imeenea hadi sokoni. Tofauti ni kwamba benki kuu ya Ekwado inaziagiza na kuzisambaza.

Kwa hiyo msimamo wangu ni noti ibaki. Lakini hoja moja ya upande wa sarafu hainiachi, nayo ni ya wasioona. Noti zote za Marekani, kuanzia dola moja hadi mia, zina ukubwa mmoja. Asiyeona huitambua sarafu kwa kidole, ila akishika noti inabidi amwamini anayempa. Baraza la Wasioona la Marekani lilikwenda mahakamani mwaka 2002, likashinda mwaka 2006, na ushindi huo ukathibitishwa kwenye rufaa mwaka 2008. Serikali ikaahidi kuweka alama za kupapasa kwenye noti, isipokuwa ya dola moja, kwa sababu Bunge huweka kila mara kwenye sheria ya bajeti kifungu kinachokataza fedha za umma kutumika kuibadili sura. Noti inayotumika kwenye basi, kwenye kahawa na kwenye tipu ndiyo iliyoachwa nje. Kama Bunge limeamua kuilinda noti hii dhidi ya sarafu, basi kifungu hicho kiondolewe, na alama ianze na dola moja.