Daftari la Shangazi na Nguzo za Umeme

Shangazi yangu ni mama lishe. Ana banda lake kando ya barabara ya vumbi, kijiji kimoja cha Wanging'ombe, mkoani Njombe. Mwaka zilipoletwa nguzo za umeme, vibarua kumi na mmoja walikula kwake wiki saba mfululizo, asubuhi chai na maandazi, mchana ugali maharage. Aliwaandika mmoja mmoja kwenye daftari la shule, na kila walipolipa kidogo alikata mstari. Kila Jumamosi msimamizi wao alimwambia, "Mama, hela ikiingia tunakumalizia." Siku umeme ulipowaka tulipiga vigelegele, na yeye akiwa mbele. Wiki iliyofuata kambi ilikuwa imeng'olewa. Kwenye daftari lilibaki deni la shilingi 148,000.

Bei iliyotangazwa ya kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000. Hela ya maharage ya shangazi ingewasha nyumba tano, na chenji ingebaki.

Nilifuatana naye kuulizia. Simu ya msimamizi ilikuwa haipatikani. Mkandarasi mkuu alituambia yule alikuwa mkandarasi mdogo na walishamalizana naye. Ofisi yenye mradi ilituambia inamtambua mkandarasi mkuu peke yake. Tulirudi nyumbani na daftari letu. Tangu siku hiyo nimekuwa na msimamo ambao nautetea popote: shirika la umeme au la maji linaponunua nguzo, nyaya, mabomba na nguvu za watu, linabeba pia jinsi vitu hivyo vilivyopatikana, mpaka kwa kibarua wa mwisho na aliyemlisha. Na mzigo huo unaanza siku ya kuandika zabuni, siyo siku ya malalamiko.

Nieleze ninavyoona mambo yanavyokwenda. Kwenye mchanganuo wa gharama za mradi, kila nguzo ina mstari wake. Kila kikombe cha kushikia waya juu ya nguzo kina mstari, kila mita ya waya ina mstari. Mkanda wa kupandia, helmeti, glovu na gambuti mara nyingi vinamezwa kwenye gharama za jumla, kila mzabuni ajipimie mwenyewe. Anayetaka kushinda kwa bei ya chini atabana wapi? Waya hawezi kuubana, utapimwa. Nguzo hawezi, zitahesabiwa. Atabana pale ambapo hakuna atakayehesabu. Akishashinda anagawa kazi kwa mkandarasi mdogo kwa bei pungufu, naye anampa kiongozi wa genge kwa bei pungufu zaidi, na huko mwisho kuna kijana mwenye sululu.

Nguzo ya mita 9 huzikwa karibu mita 1.5 ardhini. Shimo hilo kijijini kwetu lilichimbwa kwa sululu, mtarimbo na chepe, na vijana walilipwa kwa shimo. Ukikuta mwamba, siku imekwisha na hujalipwa. Nilimwona mmoja wao, rika la mdogo wangu, akipanda nguzo amejifunga kamba ya katani kiunoni. Alipofika juu wenzake walinyamaza wote. Alishuka salama, nashukuru Mungu, lakini ule ukimya sijausahau.

Sheria tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ni ya 2004. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ni ya 2008, na mfuko wake unachangiwa na mwajiri kwa asilimia 0.5 ya mshahara. Kwa kijana anayelipwa laki moja, mchango huo ni shilingi mia tano. Ni bei ya maandazi machache. Tatizo ni kwamba kijana huyo hayumo kwenye orodha yoyote. Hana mkataba wala kitambulisho, na jina lake kamili analijua mama lishe tu. Akianguka, mfuko utamlipa nani? Ndiyo maana nasema daftari la shangazi lilikuwa kumbukumbu bora ya mradi ule kuliko jalada lolote la ofisini: lilikuwa na majina na tarehe za watu waliokuwepo kazini.

Dawa ya jambo hili imeshawahi kutumika nchini. Kwenye mikataba ya barabara iliyofadhiliwa na mabenki ya maendeleo, kinga ya UKIMWI kwa wafanyakazi na wanakijiji ilikuwa kipengele cha mkataba, mkandarasi akitakiwa kuitekeleza kama anavyotakiwa kumwaga kokoto. Basi vifaa vya usalama, bima na orodha ya vibarua viwekewe fungu lake, kiasi akiandike mwenye mradi mwenyewe, na wazabuni wote wakinakili vilevile bila kupunguza. Hapo hakuna atakayeshinda zabuni kwa kumvua kijana mkanda.

Kuna jambo jingine ambalo linaniuma zaidi ya deni. Nguzo nyingi tunazozisimamisha ni mikaratusi ya huku huku kwetu nyanda za juu kusini, ikishawekwa dawa kiwandani. Nyeusi zile zimetiwa kreosoti, mafuta mazito yatokanayo na lami ya makaa ya mawe. Zenye rangi ya kijani kijani zimetiwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Marekani viwanda vilikubali kuacha kuutumia kwenye mbao za majumbani kufikia mwisho wa mwaka 2003, ingawa nguzo ziliendelea kuruhusiwa. Nguzo ikisimama barabarani inafanya kazi yake. Hatari kubwa ni kipande kilichobaki kikiingia jikoni, maana moshi wake una sumu, na jivu lake ndimo sumu inamobaki.

Wale vijana walikuwa wakarimu. Kila walipopata vipande vya nguzo walimbebea shangazi kuni. Vilikuwa vya kijani. Alipikia maharage, na jivu lake akasugulia sufuria, kama alivyofundishwa na bibi. Vijana hawakujua, shangazi hakujua, nami nilijua baadaye sana. Aliyeuza nguzo alijua alichoweka ndani yake. Aliyenunua alitakiwa kujua. Hakuna aliyeandika popote kwamba vipande vikusanywe na virudishwe, au hata kwamba visichomwe. Sentensi moja kwenye mkataba na tangazo moja kwenye mkutano wa kijiji vingetosha.

Mafuta ya transfoma za zamani yenye PCB, kemikali za sumu zisizooza upesi, yamepata mkataba wa kimataifa, Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, unaotaka vifaa hivyo viondolewe kwenye matumizi ifikapo 2025 na taka zake zishughulikiwe ipasavyo ifikapo 2028. Kwa hiyo tukiamua, tunaweza kuandika tarehe na nani anabeba nini.

Nawatetea pia wakandarasi, maana nimekaa nao. Wapo waaminifu wanaokopa benki kununua gambuti, kisha hati ya malipo inakaa mezani kwa mtu miezi. Sheria ya ununuzi inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Ni jambo jema sana, lakini kikundi cha akina mama kumi kitavumilia vipi miezi sita bila kulipwa? Huwezi kumdai muuzaji maadili wakati unakaa na hela yake. Anayechelewesha malipo juu ndiye anayeandika deni kwenye daftari la mama lishe chini.

Nimempelekea diwani wetu pendekezo la ukurasa mmoja. Kabla ya hati ya mwisho ya malipo kupitishwa, mkandarasi aje kwenye mkutano wa kijiji, madeni yasomwe kwa sauti, vibarua na mama lishe wathibitishe wamelipwa, mtendaji wa kijiji agonge muhuri, na karatasi hiyo iambatanishwe. Bila muhuri, hela isitoke. Diwani ameahidi kulipeleka kwenye baraza la madiwani. Kwenye pendekezo hilo nimeambatanisha nakala ya kurasa nne za daftari, na shangazi ameniruhusu kutaja kiasi.