Bibi hasaidii kulea, bibi analea

Kuna neno moja siku hizi likitajwa linanikwaza, neno lenyewe ni "kusaidia". "Watoto? Aah, mama ananisaidia." Nimelitumia sana mimi mwenyewe, sijisafishi hapa. Mpaka jioni moja nimefika kumchukua mwanangu, nimechelewa kama kawaida yangu, namkuta mama kapitiwa na usingizi kwenye kiti, shingo imeegemea upande, mkononi kashikilia kiatu cha mtoto cha mguu mmoja na kamba bado ina fundo. Mtoto kakaa chini pembeni yake anachora, mguu mmoja una kiatu mwingine soksi, kajiwekea kidole mdomoni, "usipige kelele, bibi kachoka". Ana miaka 4 huyo. Yeye kaona, mimi na akili zangu zote sijaona.

Na nilipompeleka mtoto kwa mama nilisema ni wiki mbili tu. Wiki mbili hizo sa ivi zinatafuta mwaka wa pili. Kila aliyewahi kumpeleka mtoto kwa bibi anaijua hii hesabu, inaanza na "mpaka nipate mtu wa kukaa nae", inakuja "mpaka mambo ya kazini yatulie", halafu inafika mahali hakuna anayeuliza tena, nguo za mtoto zimeshahamia huko, mswaki uko huko, hata akiugua usiku anamwita bibi sio wewe.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Sawa, na huyu anayelea mwana wa mwana je? Tena kwa magoti ambayo yalishamaliza zamu yao, mtu ambae akiinama kuokota mdoli anatafuta kwanza pa kushika ndo ainuke.

Nitasema kitu ambacho kilinishangaza nilipokisoma. Wanyama wengi jike huzaa karibu mpaka mwisho wa maisha yake, lakini mwanamke anaacha kuzaa halafu anaishi miaka mingi tu mbele, wataalamu wakawa wanajiuliza hii miaka ni ya nini. Miaka ya 1980 mwanaanthropolojia, yani mtaalamu wa jamii za watu, Kristen Hawkes na wenzake wakaenda kukaa na Wahadzabe, Tanzania, wale wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Wakaona mtoto anayeachishwa ziwa uzito wake unaenda sambamba na juhudi za mama yake za kutafuta chakula, ila mama akishajifungua mwingine na mikono ikajaa, uzito wa yule mkubwa unaanza kufuata juhudi za bibi. Bibi ndo yuko porini na mti wa kuchimbia. Hapo ndo likapata nguvu wazo kwamba huenda binadamu tumefika hapa tulipo kwa sababu kulikuwa na bibi nyuma ya mama, wapo wanaobishana nalo mpaka leo na wabishane, mi nimeshachagua upande.

Babu nae nisimruke, maana makala nyingi za namna hii babu anatajwa mstari wa mwisho kama mtu aliyealikwa kwa heshima tu. Waislamu wanajua habari ya Mtume Muhammad (SAW), baba alifariki hajazaliwa, mama akafariki yeye ana miaka 6, aliyemchukua ni babu yake Abdul-Muttalib, akakaa nae mpaka babu mwenyewe alipofariki, mtoto akiwa na miaka 8. Miaka miwili tu kwa hesabu, ila kwa mtoto yatima miaka miwili ya mtu anayekukalisha karibu yake sio kidogo. Wa kwangu mimi alikuwa na hadithi moja, yani moja tu, na kila siku anaikosea sehemu ile ile, anamtaja mnyama asiyehusika. Mi naruka, "babu sio huyo!" Yeye anajifanya kushangaa, "ehee, kumbe nani?" basi namalizia mwenyewe mpaka mwisho. Nimekuja kushtuka ukubwani kwamba hakuwa anasahau. Alikuwa ananifundisha kusimulia. Mzee mjanja sana yule.

Najua mtu atasema wanadekeza, ndo maana tuna msemo wa "mtoto wa bibi". Ni kweli wanadekeza jamani, mama yangu mimi alikuwa akiniangalia tu kwa jicho najua nimekwisha, leo mjukuu anamwaga maji sakafuni yeye anacheka mpaka machozi, nabaki najiuliza ni mama yule yule au wamenibadilishia. Mi naona ni kwamba mzazi analea huku anaogopa, anaogopa ada, anaogopa majirani watasemaje, anaogopa mtoto asije kuharibika mikononi mwake. Bibi hiyo hofu alishaimaliza na sisi. Alishaona kwamba anayemwaga maji leo kesho anakuwa mtu mzima na kitambulisho chake.

Lakini sio wote wanalea kwa kucheka. Kuna mabibi walioachiwa wajukuu pale pale makaburini. UKIMWI ulipokuwa hauna dawa za kufika kwa kila mtu, miaka ile ya 1990 kuelekea 2000, mashariki na kusini mwa Afrika kuna wazee walizika mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu wakarudi nyumbani na watoto wa marehemu na kesho yake asubuhi wanatakiwa waoge waende shule. Hapo utasemaje bibi anasaidia? Anamsaidia nani?

Ndo maana nikizisikia sherehe huwa nasita kidogo. Marekani wana siku yao ya mabibi na mababu mwezi wa 9, rais Jimmy Carter aliitangaza mwaka 1978, na kwingine zipo pia, sio mbaya, ila siku hiyo tunafanyaje? Tunapiga picha, tunaweka statasi yenye maua, na aliyewashika watoto wakati tunapanga maua hayo ni bibi. Sweden naona wamejaribu kitu cha maana zaidi, tangu Julai 2024 mzazi anaweza kumhamishia mtu mwingine, hata bibi au babu, mpaka siku 45 za likizo ya malezi inayolipwa, na anayelea peke yake siku 90. Inalipwa, sikia hiyo. Yani kuna mahali pameandikwa kisheria kwamba hii ni kazi.

Sisi wengine tusio na sheria hiyo tuanze hata na kuuliza. Mi sikuwahi kumuuliza mama kama anataka, nilimpigia simu nikamtaarifu, tena nikiwa njiani. Juzi shule zinakaribia kufungwa nikajikaza, "mama, nilikuwa nauliza, likizo hii utapenda wajukuu waje au ungependa upumzike?" Kimya. Nikadhani mtandao. Akasema, "ngoja nifikirie nitakujibu." Sikuwahi kusikia hilo jibu kwa mama yangu tangu nizaliwe.

Kesho yake saa 2 asubuhi kanipigia. "Walete Jumatano. Jumatatu na Jumanne nina mambo yangu."

Mambo gani mama?

"We walete Jumatano."