Ufunguo Umelala

Mvua ilianza alfajiri, na kufikia saa mbili asubuhi, mke wangu alipofungua mwavuli kwenda kazini, ilikuwa imetulia katika ule mwendo wa mvua isiyo na haraka ya kwenda popote. Aliniachia watoto wawili: mwanetu wa kiume, aliyetimiza miaka mitatu, na binti wa dada yangu, ambaye ana miaka miwili tu lakini ana msimamo katika kila jambo. Nilimhakikishia kwamba runinga haitawashwa na simu haitatoka mfukoni mwangu. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, nami nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Na kweli nilikuwa nimesoma. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo lililoutoa mwaka 2019, linapendekeza kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya skrini kwa zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua hapo ni bora zaidi. Vilevile apate angalau dakika 180 za kuuchezesha mwili, zilizotawanywa katika siku nzima. Niliona hesabu ni nyepesi. Nilichukua karatasi, nikaandika michezo sita ya dakika 30 kila mmoja, kuanzia kuruka juu ya mito, kutupia soksi kapuni, hadi kutembea kama kaa, kisha nikaibandika ratiba hiyo kwenye mlango wa jokofu. Ilipofika saa 2:25 tulikuwa tumeimaliza yote, pamoja na karatasi yenyewe, kwa sababu mchezo wa sita waliubuni wao na ulikuwa wa kuichana.

Wakati huo mwanangu alikuwa amekwisha kutoroka mara mbili kwenda kusimama katika dimbwi la mbele ya nyumba. Niliufunga mlango kwa ufunguo, na ufunguo nikauweka juu ya meza ndogo, mahali ambapo, kwa maoni yangu ya saa ile, mtoto wa miaka miwili hafiki.

Wazo la beseni la maji na vikombe niliachana nalo, kwa kuwa mtoto mdogo aweza kuzama hata katika maji ya kina cha sentimita chache, na asiyeweza kukaa pembeni yake bila kubanduka asilianzishe. Nikaingia jikoni kukanda unga wa kuchezea: vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi, vijiko viwili vya mafuta, na maji yanayoongezwa kidogo kidogo mpaka donge liache kung'ang'ania vidole. Chumvi hiyo yote ina kazi mbili, kuuzuia unga usiharibike upesi na kumzuia mtoto asiule. Binti alilamba donge lake, akatetemeka mwili mzima, akanitazama kama mtu aliyesalitiwa na ndugu, kisha akalamba tena ili apate uhakika.

Mwaka 1932 mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, aliandika kuhusu watoto wadogo wanaocheza sambamba, kila mmoja na lake, bila kucheza pamoja. Wangu walikuwa sambamba kweli, maana walikaa wakipeana mgongo, na kila mmoja alipiga kelele mwenzake alipothubutu kupumua upande wake. Ili kuwaunganisha, nilichukua kijiko, nikakizika ndani ya donge kubwa, nikalifunika kwa leso na kunong'ona, “Kijiko kimelala. Nani atakiamsha?” Walilirukia donge wakipiga mayowe ya furaha, wakakifukua, wakaniamuru nikilaze tena. Tulikilaza na kukiamsha mara kumi na moja. Sitaficha kwamba nilijiona mvumbuzi, na kwamba kichwani nilikwisha kuanza kutunga maneno ya kumweleza mke wangu jioni.

Laiti ningeishia hapo. Lakini chumbani kulikuwa na maboksi mawili makubwa, na mtu aliyefanikiwa mara moja huwa hatulizani. Niliyaunganisha kwa gundi ya karatasi, mizunguko mitatu, nikakata tundu la mviringo mwishoni, huku vipande nilivyovikata nikivikunja kuelekea ndani ili visimkwaruze mtoto. Lilikuwa handaki zuri. Watoto walilitazama kwa mashaka, wakakataa kuingia. Basi nikaamua kuwaonyesha.

Wanaojua dema la kuvulia samaki wameshaelewa. Kichwa kilipita tunduni, bega moja likafuata kwa ubishi, na vile vipande nilivyovikunja kwa huruma vikafunguka nyuma ya bega na kunishika chini ya kwapa, mikono yote miwili ikiwa imebanwa ndani. Nilipojaribu kurudi nyuma, vilizidi kuuma. Nilipojaribu kulipasua boksi kwa nguvu, mwanangu alitoa ukelele ambao nadhani ulisikika hata juu ya mvua: “Baba, usivunje nyumba yangu!” Nyumba ambayo dakika moja iliyopita hakuitaka hata kuikanyaga. Machozi yalikuwa ya kweli, na mimi baba yake sikuwa na moyo wa kumbomolea. Nilibaki nimepiga magoti katikati ya sebule, kichwa nje, wao wakipanda na kushuka mgongoni kwangu. Kwa mara ya kwanza siku hiyo walikuwa wakicheza pamoja.

Ndipo mlango ulipobishwa.

“Hodi!” Ilikuwa sauti ya mama mkwe. Alikuwa amepita kutazama wajukuu, maana binti yake alimwambia kwamba niko nao peke yangu.

“Karibu, mama!” nilijibu kwa heshima zote nilizoweza kuzikusanya katika hali ile. “Nakuja sasa hivi.”

Nilitembea kwa magoti hadi mezani. Ufunguo haukuwapo. Kiti kilichosogezwa kilieleza jinsi ulivyoondoka.

“Ufunguo uko wapi?” nilimuuliza binti. Aliweka kidole mdomoni, akaninyamazisha, na kunong'ona, “Amelala.”

Nilitazama huku na huko. Unga ulikuwa umegawanywa madonge saba: moja kwenye kiti, mawili ndani ya kiatu changu, mengine kila pembe, na kila moja lilikuwa limelazwa kwa uangalifu, hili chini ya soksi, lile chini ya kitambaa cha meza. Wakati huohuo uso wa mama mkwe ulitokea dirishani, maji yakichuruzika kwenye ncha za mwavuli. Alimwona mkwe wake, kichwa kikitokeza kwenye boksi, akimbembeleza mtoto wa miaka miwili amwamshe ufunguo.

“Baba,” alisema polepole, “mna usalama humo?”

“Tupo salama, mama. Tunatafuta ufunguo.”

Binti alikataa katakata kumwamsha mtu ambaye ndiyo kwanza amelala. Nilimwomba mwanangu, naye akakubali kwa sharti kwamba nyumba yake haitaguswa. Donge la kwanza lilikuwa na kijiko. La pili lilikuwa na kidoli kilichokatika mguu. La tano, lililolazwa juu ya mto kabisa, leso ikiwa imefunika hadi shingoni, ndilo lililokuwa na ufunguo, na unga ulikuwa umejaa katika kila pengo la meno yake. Kuuingiza kitasani hakukuwezekana, tena mimi sikuwa na mikono. Mwanangu aliusukuma chini ya mlango, na mama mkwe, ambaye hakuuliza swali lolote zaidi, aliukinga kwenye mvua, akausugua mpaka unga ukamomonyoka, kisha akajifungulia mwenyewe.

Aliingia, akatua mkoba, akanizunguka mara moja kama anayekagua bidhaa sokoni. Aliponyoosha mkono kwenye gundi, mjukuu wake alimwonya mapema: “Bibi, usivunje nyumba yangu.” Akaurudisha mkono.

Simu ikaita mfukoni mwangu, ndani ya boksi, mbali na uwezo wangu. Iliita hadi ikakatika, kisha ikaita ya mama mkwe. Aliipokea akiwa amesimama palepale, ananitazama machoni, huku binti akianza kunifunika leso kichwani.

“Hapana, mwanangu, usiwe na wasiwasi,” alimwambia mke wangu. “Nimewakuta wanacheza vizuri kabisa, wote watatu.”