Magari yazidi Kampala: tupanue barabara au tuhesabu abiria?

Anayenunua gari Kampala hakosi sababu. Teksi ya viti 14 haitoki stendi mpaka ijae, mvua ikinyesha nauli hupanda, na bodaboda huwahi lakini huumiza. Kwa familia ya Mukono au Wakiso, gari la mtumba kutoka Japani ni haja ya kweli. Sheria ya 2018 ilizuia kuingiza magari yenye miaka 15 au zaidi. Ilipunguza umri wa magari, si idadi yake.

Wanaodai barabara pana nao wana hoja. Mchepuko wa Kaskazini, kilomita 21 kutoka Busega hadi Bweyogerere, ulifunguliwa 2009 ukiwa na njia moja kila upande kwa sehemu kubwa. Kufikia 2014 kazi ya kuupanua ilikuwa imeanza. Malori yanayoelekea magharibi hayawezi kupitishwa katikati ya jiji, kwa hiyo fedha ya upanuzi huo haikupotea.

Ndani ya jiji hesabu ni nyingine, kwa sababu uwezo wa barabara huamuliwa kwenye makutano. Taa ikiwa kijani, kila njia hupitisha takribani gari moja kila sekunde 2. Mzunguko wa taa ukiwa sekunde 90, kijani 30, yanapita magari 15. Kwa saa ni mizunguko 40, yaani magari 600. Yakibeba watu wawili wawili, ni 1,200. Njia hiyo hiyo ikipewa basi la abiria 60 kila dakika, wanapita 3,600. Trafiki akiushikilia upande mmoja dakika kadhaa ili amalize foleni, foleni ya upande wa pili hurudi nyuma hadi kuziba makutano yaliyotangulia, na huko kijani kinawaka bila gari kusogea.

Kwa hiyo barabara za kuingia mjini, Barabara ya Jinja kwanza, zinahitaji njia ya mabasi kabla ya kupanuliwa. Wenye magari watalalamika, na watakuwa na haki ikiwa njia itachukuliwa kabla mabasi hayajanunuliwa. Wenye teksi wapewe hisa kwenye mabasi hayo, la sivyo watayapinga, maana ni riziki yao. Vituo vijengwe pembeni, nje ya njia, ili basi linaloshusha lisizuie la nyuma. Na njia ifike hadi kwenye taa yenyewe: ikikatika mita 100 kabla, basi litapanga foleni na magari, na wenye magari watakuwa wamenyang'anywa njia bure.