Inveta ni yako, amri ya nani?

Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa jua na betri kuwa umeme wa nyumbani) nyingi zinazofungwa majumbani siku hizi, Unguja na Pemba, zinakuja na kijiti cha Wi-Fi kinachochomekwa chini yake. Kijiti hicho hupeleka takwimu kwa kiwanda, na mara nyingi hupokea amri pia. Je, tukiache wazi kwa shirika la umeme au kampuni ya huduma, ili hita za maji, viyoyozi na betri zetu ziongozwe kwa mbali?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Pemba inategemea waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, uliowashwa mwaka 2010, wenye uwezo wa megawati 20. Hita 1,000 za kilowati 2 zikiwaka kwa mpigo ni megawati 2, sehemu ya kumi ya waya wote huo. Na hita ndiyo kifaa chepesi kuliko vyote kukisubirisha: kupandisha lita 50 kwa nyuzi 30 kunakula uniti 1.7 hivi, na tangi zima lenye kinga nzuri, likishachemshwa alasiri, litavuka saa 1 hadi saa 4 usiku bila mtu kuoga maji baridi. Ila zikirudishwa zote saa 4 kamili, kilele cha matumizi kimehama tu. Kila moja ipewe dakika zake za kusubiri, zisizofanana na za jirani.

Kwenye betri mambo yanabadilika. Betri ya volti 51.2 na ampea-saa 100 inabeba uniti 5 hivi. Mtoa huduma akiichota saa 1 usiku kuusaidia mtandao wa umeme, na saa 2 laini ya umeme ikakatika, mwenye nyumba ndiye anayebaki gizani na friji iliyojaa samaki. Unguja iliyokaa bila umeme kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 haihitaji kuelezwa maana ya akiba. Nisingekubali mkataba unaoshusha betri chini ya asilimia 60, wala unaompa mtu ruhusa ya kubadilisha kiwango hicho kwa mbali.

Hatari yenyewe si ya kufikirika. Novemba 2024 baadhi ya inveta za Deye, kampuni ya Kichina, huko Marekani zilizimika na kioo kikaonyesha ujumbe kwamba hazikuruhusiwa kutumika huko, katikati ya mgogoro wa haki za kuuza. Watu walikuwa wamekwishalipa.

Kwa hiyo tenganisha kusoma na kuamuru. Hita na pampu ziache ziamriwe, kwani ukizikosa kwa muda wa saa mbili huumii. Inveta isomwe tu: waya wa mawasiliano uitwao RS485 hadi kwenye kompyuta ndogo ya humo humo nyumbani, nayo ndiyo ipeleke takwimu nje. Nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ile ile ya kufunga. Hata kusoma kuna gharama yake, maana mchoro wa matumizi unaonyesha wazi siku ambazo nyumba haina mtu.

Kabla ya kumlipa fundi, tazama kibanio cha kupimia mkondo kwenye waya mkuu. Mshale wake ukigeuzwa, inveta itaona umeme unaoingia kama unaotoka, na takwimu za laini na za matumizi zitakuwa za uongo. Washa pasi wakati nyumba inatumia laini tu, si jua wala betri: namba ya umeme unaoingia lazima ipande kwa kilowati 1 hivi au zaidi. Kisha zima ruta kutwa nzima. Inveta ikigoma kubadili kutoka laini kwenda betri kwa kukosa intaneti, mwambie aifungue, airudishe dukani.