Senti ya tundu haioshwi kwa ndimu

Mtu akinitumia picha ya senti ya tundu na kuniuliza thamani yake, humjibu kwa swali: umeiosha? Mara nyingi jibu ni ndiyo, tena kwa fahari. Ameisugua kwa ndimu na majivu, kama masufuria ya shaba yalivyosuguliwa majumbani kwetu Pwani, na sasa imetakata. Hapo huwa nakaa kimya kidogo kabla ya kuandika jibu, kwa kuwa kilichoondoka hakirudi.

Nakusanya senti moja za Afrika Mashariki zenye tundu katikati, zile zilizotengenezwa kwa shaba yenye bati kidogo kati ya 1922 na 1962. Sharti langu ni moja: kila mwaka, na kila kiwanda, niwe na sarafu ambayo haikuzunguka sokoni. Iwe bado na wekundu wake wa kiwandani, au walau mabaki ya wekundu huo kuzunguka tundu na baina ya herufi.

Rafiki yangu wa Tanga, naye mkusanyaji, hulipinga sharti hili kila tukikutana. Anasema senti iliyochakaa ndiyo yenye maisha: imenunua chumvi, imenunua kiberiti, imefungwa kwenye pindo la kanga. Inayong'aa haikumfaa mtu yeyote. Neno lake lina uzito na limenikosesha usingizi zaidi ya mara moja. Hata hivyo sikubaliani naye.

Chukua mwaka 1924. Senti za mwaka huo zilitoka viwanda vitatu. Zisizo na herufi ni za London, zenye H ni za Heaton wa Birmingham, zenye KN ni za King's Norton, huko huko Birmingham. Herufi zenyewe ni ndogo kama yai la sisimizi. Ninazo senti nne za mwaka huo zilizolainika kiasi kwamba hata kwa lenzi siwezi kuapa kama mle mna H au hamna kitu. Nazitunza, maana zimetumikia watu, ila hazinipi jibu ninalolitafuta.

Au tazama zilizofuata. Mwaka 1942, Ulaya ikiwa vitani, senti nyingine zilipigwa Bombay na kutiwa herufi I. Maandishi yake ya Kilatini yanamtaja George wa Sita kuwa mfalme, na kaizari wa India pia. Ukishika ya 1949, India imefutika, kwa kuwa ilikwisha kujitawala mwaka 1947. Mwaka 1954 anaingia Elizabeth, na Kilatini chenyewe kinaondoka, jina lake limeandikwa kwa Kiingereza. Mambo makubwa kiasi hicho yamewekwa kwenye duara la milimita 20, tena lenye tundu katikati. Yakisagika hayasomeki tena.

Tundu hilo ndilo lililomnyima mfalme nafasi ya sura yake. Amebakiwa na taji na jina. Upande wa pili kuna pembe za ndovu zilizopinda kandokando ya tundu, na mimi siwezi kuzitazama bila kukumbuka wapagazi waliozibeba begani kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo. Ukitaka kujua kama senti imetumika, anzia kwenye pembe hizo na kwenye taji. Sehemu zilizoinuka ndizo zinazoliwa kwanza.

Kinachofanya kazi hii iwe ngumu ni kwamba hakuna aliyeiona senti moja kuwa kitu cha kuhifadhi. Mwenye uwezo wa kuweka akiba aliweka shilingi yenye simba. Senti ilitumika mpaka ikaisha. Niliwahi kuikuta moja juu ya bati la nyumba ya zamani, fundi ameipitishia msumari ili maji yasivuje. Na ilipofika 1966, Tanzania, Kenya na Uganda zilipotoa sarafu zao, kila nchi ilianzia senti tano. Senti moja haikupata mrithi, ikaachwa kwenye makopo na mitoto ya meza.

Kwamba hali ya sarafu ndiyo inayobeba thamani yake, wenzetu wa Marekani walilitambua mapema. Kipimo cha hali ya sarafu kinachotumika leo, cha 1 hadi 70, kinatokana na kile alichokitunga William Sheldon, mwanasaikolojia, mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi yake. Namba hizo alizikusudia ziende na bei: iliyo kamilifu iwe na thamani mara 70 ya ile isiyosomeka vizuri. Baada ya kifo chake ikabainika kwamba alikuwa akizichukua senti bora za American Numismatic Society, chama cha wanaochunguza sarafu huko Marekani, na kuacha zake duni mahali pake. Habari hiyo ilinihuzunisha sana nilipoisoma. Tangu hapo namba ya daraja naisoma mwisho; kwanza naitazama sarafu yenyewe, nikiigeuza polepole chini ya taa. Mng'ao wa kiwandani hutembea unapoigeuza. Mng'ao wa kusuguliwa hukaa pale pale.

Nayajua haya kwa kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilipata senti ya 1935, ya kahawia iliyokolea, na wekundu ukichungulia kwenye herufi. Nikaona niusaidie wekundu huo utokeze. Robo saa ndani ya maji ya ndimu. Ilitoka na rangi ya ufizi, imekufa kabisa, na baada ya miezi miwili ilikuwa na mabaka. Rangi ile ya kahawia niliyoidhani uchafu ilikuwa ngozi ya shaba, na ngozi hiyo ilichukua miongo kadhaa kujijenga. Senti hiyo bado ninayo. Mpaka leo sijapata ya 1935 iliyo nzuri kama ile ilivyokuwa kabla sijaigusa.

Kama senti yako ina mafuta au gundi, itumbukize kwenye asetoni safi, mbali na moto na dirisha likiwa wazi. Si ile ya kufutia rangi ya kucha, ambayo imetiwa mafuta na manukato. Usiifute, iache ikauke yenyewe. Ishike ukingoni. Albamu za plastiki laini, zile zinazonuka kama pazia jipya la bafuni, ziepuke, kwani hutoa ute wa kijani unaokula shaba. Na sisi wa Pwani tuna adui wa ziada, hewa ya chumvi. Mimi hutumia boksi linalofunga vizuri, na ndani yake natia vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Navibadilisha kabla ya masika.

Zile za alumini za 1907 na 1908, za enzi za rupia, sizikusanyi. Hali ya hewa yetu ilizishinda, na nyingi nilizoziona zina vidonda. Ya 1920 yenye H, ya kipindi kifupi cha florini, fedha iliyotumika baada ya rupia na kabla ya shilingi, naitamani, lakini nyingi ziliyeyushwa.

Mwezi uliopita nilikwenda Pangani, kwa bi mkubwa mmoja niliyeelekezwa. Baada ya shikamoo na chai alinitolea kopo, na ndani yake mlikuwa na senti zimetungwa kwenye uzi wa katani, kiasi cha ishirini, zimefungwa fundo pande zote mbili. Akaniambia, "Mama ndiye aliyezitunga, mwanangu. Zilikuwa za chumvi." Sikuthubutu kuomba uzi ukatwe. Yeye mwenyewe akalilegeza fundo kwa kucha, akazisogeza. Za mwisho, kila upande, zilikuwa nyeusi tii. Za katikati zilikuwa zimebanana miaka yote hiyo, hewa haikuzifikia, na nyuso zake zilikuwa nyekundu. Za 1952, zenye H.

Nikamfikiria rafiki yangu wa Tanga. Senti hizi zilitafutwa kwa jasho, zikahesabiwa, zikawekwa kwa ajili ya chumvi ya nyumba hii, na bado zilikuwa na rangi ya siku zilipotoka Birmingham.

Alikubali kuniuzia mbili. Nyingine akazirudisha kwenye uzi, moja moja, akakaza fundo.